Machimbo, Miamba na Wapiga Mbizi: Historia ya Jiwe la Matumbawe katika Viunga vya Dar es Salaam

Katika pwani ya Dar es Salaam, kuanzia Boko na Kunduchi upande wa Kinondoni hadi Mjimwema na Kigamboni, maeneo ambayo kabla ya mgawanyo wa wilaya wa katikati ya miaka ya 2010 yalihesabiwa ndani ya Temeke, hujitokeza mahali pengi mwamba uliojengwa na viumbe hai. Mwamba huo ni wa matumbawe, yaani makazi ya chokaa yanayojengwa na wanyama wadogo wa baharini ambao huishi kwa makundi, kila kizazi kikijenga juu ya mifupa ya kizazi kilichotangulia. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita usawa wa bahari ulikuwa juu kuliko ulivyo leo kwa mita kadhaa, na maji yalipopungua, sehemu ya miamba iliyokuwa chini ya mawimbi ilibaki nchi kavu, ikafunikwa na udongo na vichaka, huku miamba mingine ikiendelea kukua katika maji ya kina kifupi kuzunguka visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini. Kwa hiyo jiwe linalopondwa kuwa kokoto katika machimbo ya Kunduchi na tumbawe analoliona mpiga mbizi karibu na Mbudya ni ndugu wa ukoo mmoja, waliotenganishwa na wakati tu.

Historia ya mwamba huu kwa kawaida imeandikwa vipande vipande. Wanaakiolojia wameandika habari za misikiti na makaburi, wachumi habari za saruji, wanabiolojia habari za samaki na matumbawe, na michezo ya majini imeachiwa vitabu vya watalii. Makala haya yanaviweka vipande hivyo pamoja, kwa hoja kwamba shimo la nchi kavu na mwamba wa baharini vina historia moja ya uchimbaji, na kwamba ujuzi wa kuzama chini ya maji, ambao siku hizi huhesabiwa kuwa burudani ya wageni, ulikuwa tangu zamani sehemu ya kazi za watu wa pwani na unastahili kurudishwa mikononi mwao kwa utaratibu uliopangwa.

Jiwe la majini na jiwe la nchi kavu

Mafundi wa miji ya Waswahili walitumia matumbawe kwa njia tatu, na kila njia ilikuwa na chanzo chake. Kuta nene zilijengwa kwa mawe magumu ya mwamba wa kale uliokauka, ambayo yalichimbwa nchi kavu kwa mitaimbo na sururu na kupangwa bila kuchongwa sana. Sehemu zilizohitaji ufundi, kama vile mihrabu, miimo ya milango na vidaka vya ukutani, zilitengenezwa kwa matumbawe yaliyokatwa yakiwa hai baharini, kwa sababu tumbawe la aina hiyo huwa laini linapotoka majini, hukubali patasi na kisu, kisha hukakamaa linapokauka hewani. Njia ya tatu ilikuwa chokaa, iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe katika tanuu, ambalo lilikuwa lundo kubwa la magogo lililopangwa kwa duara, likawekewa mawe juu yake na kuwashwa moto hadi mawe yakageuka unga mweupe, ambao ulimwagiwa maji au kuachwa mvuani upoe kabla haujatumika kuunganisha mawe na kupaka kuta.

Ushahidi wa ufundi huo umesimama hadi leo Kunduchi, ambako kuna magofu ya msikiti wa kale pamoja na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa sahani za kaure kutoka China, na pia Kaole karibu na Bagamoyo, bila kutaja Kilwa Kisiwani, ambako jumba la Husuni Kubwa linaonyesha kiwango cha juu kabisa cha uchongaji wa matumbawe katika pwani yote. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga mji wake mpya karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, aliendeleza mtindo huohuo wa ujenzi, na jengo linaloitwa Boma la Kale, lililo karibu na bandari, ni mojawapo ya mabaki machache ya kazi hiyo. Wajerumani, walioufanya mji huo kuwa makao makuu ya utawala wao mwaka 1891, waliyakuta mawe, chokaa na mafundi wa kuvitumia.

Jambo ambalo halijapewa uzito wa kutosha katika maelezo ya majengo hayo ni kazi iliyofanyika chini ya maji kabla fundi hajashika patasi. Tumbawe lililofaa kuchongwa halikuokotwa ufukweni. Lilipaswa kutafutwa katika maji ya kina kifupi wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, likatwe kwenye shina lake na kunyanyuliwa hadi kwenye chombo. Kazi hiyo ilidai macho yanayolijua tumbawe zuri, mikono inayoweza kutumia chuma ndani ya maji, na kifua kinachoweza kuzuia pumzi, na mtu aliyekuwa na sifa hizo alikuwa mpiga mbizi hata kama hakuna aliyemwita hivyo.

Pumzi ya kifua

Ukataji wa matumbawe ulikuwa mojawapo tu ya kazi za aina hiyo. Wavuvi wa pwani walizama kuondoa nyavu na madema yaliyonasa mwambani, na kutafuta kamba wa mawe na majongoo bahari, ambao hukaushwa na kusafirishwa kwa walaji wa Asia ya Mashariki. Wanawake nao walitembea juu ya miamba maji yanapokupwa wakitafuta pweza na kombe, nao ndio walioujua mwamba wa kina kifupi kuliko wengine wote, kwa kuwa waliusoma shimo kwa shimo. Kazi hizi zote zilifuata kalenda ya pepo mbili: kaskazi, inayovuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi karibu na mwezi wa Machi na kuleta maji matulivu na maangavu, na kusi, ambayo huchafua bahari katikati ya mwaka na kuwafanya watu wa mbizi wasubiri.

Ujuzi wa majini uliwafikisha Waafrika wa Mashariki hata ng'ambo, na si kwa hiari yao. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 biashara ya lulu ya Ghuba ya Uajemi ilikua haraka kwa sababu ya mahitaji ya masoko ya Ulaya, Marekani na India, na kati ya waliozama kutafuta chaza walikuwamo Waafrika wengi, wakiwamo watumwa waliochukuliwa kutoka Afrika Mashariki na wazao wao. Mzamaji alibana pua kwa kibanio, akashuka upesi kwa uzito wa jiwe lililofungwa mguuni, akakusanya chaza katika kikapu, kisha akavutwa juu kwa kamba na mwenzake aliyebaki chomboni, na mzunguko huo ulirudiwa siku nzima katika miezi ya joto. Mapato ya mzamaji mtumwa yalikwenda kwa bwana wake, na hata mzamaji aliye huru mara nyingi alifungwa na deni la nahodha. Biashara hiyo ilianguka karibu na mwaka 1930, pale lulu za kufugwa za Japani na mdororo wa uchumi wa dunia vilipoua bei. Historia hii ina uzito wake, kwa kuwa inaonyesha kwamba wapiga mbizi wa asili ya Afrika Mashariki walizama kwa maelfu muda mrefu kabla mbizi haijawa mchezo, na kwamba hawakupata kumiliki chombo wala faida ya kazi yao.

Kutoka chokaa hadi saruji

Mji ulipopanuka baada ya uhuru, tanuu la magogo halikuweza tena kutosheleza ujenzi. Mwaka 1966 kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kilichojulikana kwa jina la Kampuni ya Saruji ya Portland ya Tanzania na kwa chapa yake ya Twiga, kilianza uzalishaji kaskazini mwa jiji, kikiwa kiwanda cha kwanza cha aina hiyo nchini. Mahali palichaguliwa kwa sababu ya mwamba: kilima cha Wazo kina jiwe la chokaa lililotokana na matumbawe ya kale, ambalo husagwa, huchanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa katika tanuri linalozunguka kwa joto la karibu nyuzi 1,450 za Selsiasi. Kwa msingi wake, kazi hiyo ni ileile ya tanuu la zamani, ila imeongezwa joto, mashine na ukubwa, na badala ya mtaimbo mwamba hupasuliwa kwa baruti.

Kando ya kiwanda palikua uchumi mwingine, wa mikono. Katika machimbo ya Kunduchi Mtongani na ya Boko, wanaume walivunja mwamba kwa nyundo, tindo na mitaimbo, mara nyingine wakichoma moto juu yake ili upasuke, na wanawake, wengi wao wakiwa ndio walezi wa kaya zao, waliketi juani wakiponda mawe kuwa kokoto na kuziuza kwa ndoo au kwa lori. Sehemu kubwa ya nyumba za Sinza, Mwenge, Tegeta na Mbezi zilisimama kwa kokoto na mchanga uliochimbwa viungani, na mchanga huo ulitoka hasa katika mito midogo inayoteremka baharini, kama mto Tegeta na mto Mbezi. Uchimbaji wa mchanga wa mito hiyo umetajwa na wataalamu kuwa miongoni mwa sababu za kumomonyoka kwa ufukwe wa Kunduchi, ambako bahari ilikula ardhi kiasi cha kuiharibu hoteli ya Africana, iliyokuwa mojawapo ya hoteli kubwa za ufukweni katika miaka ya mwanzo ya uhuru.

Machimbo yaliacha mashimo, na mashimo yalikusanya maji. Jiwe la matumbawe lina matundu mengi, hivyo mahali pengine maji ya mvua hupotelea chini kwa siku chache, lakini pale sakafu ya shimo inapofunikwa na vumbi laini au udongo wa mfinyanzi, au pale uchimbaji unapokaribia usawa wa maji ya ardhini, hutokea bwawa linalodumu baada ya masika na vuli. Mabwawa hayo hayakukusudiwa na mtu yeyote. Yalitumiwa kwa kufulia, kwa kuoshea magari na kwa michezo ya watoto, na kwa kuwa kingo zake hukatika wima na kina chake hakionekani kutoka juu, yamekuwa mahali pa ajali za kuzama. Kwa upande wa afya, maji yaliyotuama huzalisha mbu waenezao malaria, na pale konokono wa maji baridi wanapoingia huweza kueneza kichocho, ugonjwa wa minyoo inayopenya ngozi ya mtu aliyeingia majini.

Baruti kutoka shimoni hadi mwambani

Kiungo kibaya kuliko vyote kati ya shimo na bahari kilikuwa baruti. Uvuvi wa kulipua ulienea katika pwani ya Tanzania kuanzia miaka ya 1960, na ijapokuwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 iliupiga marufuku, uliendelea kwa miongo kadhaa, kwa sababu vilipuzi vilivujishwa kutoka machimboni, migodini na katika ujenzi wa barabara, na vilipokosekana, wavuvi walichanganya mbolea na mafuta ya taa au dizeli ndani ya chupa. Mlipuko hupasua kibofu cha hewa cha samaki, yaani mfuko unaomsaidia kuelea, hivyo wengi wao hawaelei juu bali huzama, na hapo vijana hushuka kwa pumzi ya kifua kuwaokota. Ujuzi wa mbizi uliojenga mihrabu za Kunduchi uligeuzwa hivyo kuwa sehemu ya uharibifu.

Kwa mwamba wenyewe hasara ni ya muda mrefu. Tumbawe lililochukua miongo kukua huvunjika mara moja na kuwa kifusi, nacho kifusi hicho huviringishwa na mawimbi, kikayavunja matumbawe machanga yanayojaribu kushika, kiasi kwamba eneo lililopigwa mara nyingi linaweza kubaki jangwa hata baada ya milipuko kukoma. Utafiti uliofanywa mwaka 2015 kwa vinasa sauti vilivyovutwa na mashua kando ya pwani yote ya Tanzania ulirekodi milipuko 318, na asilimia 62 ya milipuko hiyo ilisikika ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Katika kipindi hichohicho serikali iliunda kikosi kazi kilichounganisha polisi, idara ya uvuvi na taasisi nyingine, na katika miaka iliyofuata milipuko ilipungua sana. Mafanikio hayo yalitokana kwa kiasi fulani na kuutambua ukweli kwamba bomu la baharini lina mizizi yake nchi kavu, katika stoo za vilipuzi za machimbo na miradi ya ujenzi.

Mtungi wa hewa na klabu

Mbizi kama mchezo ilizaliwa mbali na Kunduchi. Mwaka 1943 nchini Ufaransa, ofisa wa jeshi la majini Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walikamilisha kidhibiti hewa, kifaa kinachounganishwa na mtungi wa hewa iliyoshindiliwa na kumpa mpiga mbizi pumzi kila anapoivuta, kwa mgandamizo ulio sawa na wa maji yanayomzunguka. Kabla ya hapo mzamaji wa bandarini alivaa kofia nzito ya shaba na kupulizwa hewa kwa mpira kutoka juu, na kazi yake ilikuwa kukarabati gati na kuibua vyombo vilivyozama. Kifaa kipya kilimwachia mtu aogelee mwenyewe, lakini kilidai elimu. Mgandamizo huongezeka kwa kiasi cha angahewa moja kwa kila mita 10 za kina, hivyo anayepanda juu huku amezuia pumzi anaweza kupasuka mapafu, na anayekaa chini sana kisha akapanda haraka anaweza kupata ugonjwa wa wapiga mbizi, ambao husababishwa na gesi ya naitrojeni kutoka mwilini kwa mapovu. John Scott Haldane wa Uingereza alikuwa ameshaonyesha mwaka 1908 namna ya kuukwepa ugonjwa huo kwa kupanda kwa vituo, na majedwali yake ndiyo msingi wa yote yaliyofuata.

Kwa sababu ya hatari hizo mchezo huu ulikua kupitia vilabu. Klabu ya mbizi ya Uingereza, inayofahamika kwa kifupi cha BSAC, ilianzishwa mwaka 1953, na mpango wake ulikuwa wa kujitolea: mwanachama mwenye uzoefu alimfundisha mwanachama mpya, mitungi na pampu ya kushindilia hewa vilikuwa mali ya wote, na hakuna aliyeruhusiwa kuzama peke yake. Matawi mengi yalikuwa katika miji isiyo na bahari, na hapo ndipo machimbo yaliyojaa maji yalipopata kazi mpya. Stoney Cove katika jimbo la Leicestershire, chimbo la mawe magumu ya matale lililoachwa mwaka 1958 na kujazwa na maji ya chemchemi, liligeuka kuwa mojawapo ya vituo maarufu vya mafunzo ya mbizi nchini Uingereza, kwa kuwa maji yake hayana mkondo wala mawimbi, kina chake kinajulikana, na ngazi zilizoachwa na wachimbaji humwezesha mwanafunzi kushuka kwa hatua.

Mfano wa karibu zaidi katika Afrika Mashariki uko Nairobi, ambako klabu ya mashua na mbizi, iliyofuata mfumo wa BSAC, ilijiweka kando ya Bwawa la Nairobi, ziwa lililotengenezwa na watu katika miaka ya 1950. Wanachama wake walijifunza jijini, mamia ya kilomita kutoka baharini, kisha wakasafiri kwenda pwani kuzama. Bwawa lenyewe baadaye lilizidiwa na maji taka na magugu maji, jambo linalofundisha kwamba klabu inaweza kuishi katika maji yaliyotengenezwa na watu pale tu mji unapoyatunza maji hayo.

Dar es Salaam ilifuata njia nyingine, kwa sababu bahari iko mlangoni. Maji yake ya joto, miamba iliyo umbali mfupi kwa mashua kutoka Msasani na Kunduchi, na visiwa vinavyokinga mawimbi vilifanya bahari yenyewe iwe darasa. Waliokuwa wa kwanza kuitumia mitungi ya hewa walikuwa hasa wageni waliofanya kazi jijini, hoteli za ufukweni, na watafiti. Mwaka 1968 mwanabiolojia Carleton Ray wa Marekani alitoa ripoti ya uchunguzi wa pwani ya Tanzania iliyopendekeza kuanzishwa kwa hifadhi za bahari, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata kituo cha sayansi za bahari papo hapo Kunduchi. Mwaka 1975 Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu, yaani sehemu za bahari ambamo uvuvi na uvunaji umekatazwa. Kwa miaka karibu 20 tangazo hilo lilibaki zaidi kwenye karatasi, hadi Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 ilipounda kitengo maalumu cha kuyasimamia, na baadaye visiwa vya upande wa kusini, kama Sinda na Kendwa, navyo vikaongezwa.

Mchango wa wapiga mbizi katika mabadiliko hayo ulikuwa wa ushahidi. Aliye juu ya maji husikia mlipuko, lakini hawezi kuona kifusi, wala hawezi kuona matumbawe yaliyopauka kama ilivyotokea mwaka 1998, pale joto la Bahari ya Hindi lilipopanda na kuwafanya wanyama wa matumbawe wapoteze vijimea vinavyowalisha. Hesabu za samaki na vipimo vya matumbawe vilivyowekwa mbele ya watunga sheria vilipatikana kwa mtu kushuka na ubao wa kuandikia, akapima mstari kwa mstari. Bila ujuzi huo hifadhi ingekosa hoja.

Kwa nini mashimo yalibaki bila wenyewe

Swali linalofuata ni kwa nini mashimo ya Kinondoni na Temeke hayakuwahi kufanywa mabwawa ya mafunzo. Jiografia inatoa sehemu ya jibu, kwa kuwa maji yake ni ya msimu, yamejaa tope, na yana hatari za maradhi, wakati bahari safi iko jirani. Sehemu kubwa zaidi ya jibu iko katika umiliki na sheria. Chimbo la wachimbaji wadogo hukua kwa kuhama, kila kundi likifuata mwamba ulio rahisi, na likiisha huachwa wazi bila mtu wa kuwajibika, ijapokuwa sheria za madini na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zinadai eneo lililochimbwa lirekebishwe.

Kwamba urekebishaji huo unawezekana imethibitishwa kwenye mwamba wa aina hiyohiyo karibu na Mombasa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, kilichimba matumbawe ya kale hadi karibu na usawa wa maji ya ardhini na kuacha uwanda mkavu, mweupe na wenye chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyeajiriwa na kiwanda hicho, alianza kupanda miti humo, na kati ya aina 26 alizojaribu mvinje ndio uliostahimili vizuri zaidi. Majongoo walitumiwa kuyageuza majani yake kuwa udongo, mabwawa yakafugiwa samaki, na chimbo likawa bustani inayoitwa sasa Haller Park. Kilichofanikisha kazi hiyo ni mmiliki anayejulikana na subira ya miongo, mambo mawili ambayo machimbo ya viungani mwa Dar es Salaam yamekosa.

Ujuzi unaohitaji wenyewe

Gharama ya kuuacha ujuzi wa majini kuwa wa wageni imeonekana katika misiba. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu, nchi ilibidi kusaidiwa na wapiga mbizi wa jeshi la majini la Afrika Kusini. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara mwezi Septemba 2018, wapiga mbizi wa ndani ndio waliomtoa fundi mitambo akiwa hai siku mbili baada ya ajali, ndani ya chumba kilichobaki na hewa. Kati ya matukio hayo mawili kuna hatua iliyopigwa, nayo ni hatua ya vyombo vya dola. Haijawafikia bado watoto wa Mtongani na Mbagala, ambao wanaishi karibu na maji na wengi wao hawajafundishwa kuogelea.

Historia iliyofuatiliwa hapa inaelekeza kwenye mambo matatu yanayotegemeana. La kwanza ni kwamba shimo na mwamba visimamiwe kwa pamoja, kwa sababu kilichotoka shimoni, kiwe ni baruti, tope au mchanga uliokosekana ufukweni, kimefika mwambani kila mara. La pili ni kwamba kila chimbo linalofungwa liwe na mwenyewe na mpango: lifukiwe, lipandwe miti, au, pale maji yanapodumu na kuthibitishwa kuwa salama, lizungushiwe uzio na kufanywa bwawa la samaki au la mafunzo ya kuogelea. La tatu ni klabu. Mfumo wa mwenye ujuzi kumfundisha asiye nao, kwa vifaa vya ushirika na kwa kanuni ya kutozama peke yako, hauhitaji utajiri wa hoteli, na una mizizi katika desturi ya pwani ambako nahodha, fundi na mvuvi walifundishwa kwa kufuatana na mkubwa wao. Shule, vikundi vya ulinzi shirikishi wa fukwe na vyuo vya uvuvi vingeweza kuubeba, na vijana wa Kunduchi ambao babu zao walikata matumbawe kwa pumzi ya kifua wangekuwa wapimaji wa miamba, waokoaji na waongoza wageni katika bahari ambayo kwa haki ya historia ni yao.